Kuwarudisha Kisimani

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu aliniita kiguu na njia kabla sijaanza shule, na mwanamume aliyenioa kisha akaniacha alisema kuishi na mimi ni kama kuishi na cherehani. Hata haya naandika nimesimama, daftari likiwa juu ya kabati la chipsi, kando ya barabara kuu hapa Mikumi, na tayari nimeliacha mara tatu: kugeuza mayai, kumkaripia dereva aliyeziba mlango wangu kwa lori la miwa, na mara ya tatu sijui nilifuata nini.

Leo ndiyo siku ambayo bibi mmoja hunipigia simu kuniomba msamaha. Hupiga asubuhi, kabla chai haijachemka. Sasa imepita saa saba mchana na simu haijalia. Nimeichomoa kwenye chaji, nimeirudisha, nimejipigia kwa simu ya jirani kuhakikisha inaita. Inaita.

Bibi huyo si ndugu yangu. Nilimfanyia kazi miaka mitatu Kilosa mjini, katika nyumba iliyo nyuma ya duka la vitambaa ambalo mumewe aliliacha alipofariki. Mtaani waliishia kumwita Mhindi, ingawa alizaliwa Kilosa na Kiswahili chake cha kugombeza kilinipita mimi. Dini yake hakuna aliyeiuliza. Mwenyewe alijiita Mjaini, mtu wa dini ya kale ya India inayokataza kuua hata sisimizi. Nilipofika kwake nilikuwa nimetoka kuachika, sina subira na mtu yeyote, na nilichotaka ni kazi ya kunichosha. Niliipata.

Jiko lake lilikuwa na masharti. Kitunguu hakiingii, wala kitunguu saumu, wala kiazi, wala karoti, wala chochote kinachong'olewa na mzizi wake. Kuni zinagongwagongwa chini kwanza ili sisimizi watoke. Kufagia ni kwa ufagio laini, polepole, na mimi polepole siijui. Jua likishazama hakuna kula. Wiki ya kwanza nilimwambia mama yangu kwamba nimepata tajiri bahili asiyenunua hata kitunguu, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini sharti lililonishinda lilikuwa la maji.

Uani kulikuwa na bomba, ila bibi hakunywa maji ya bomba. Maji ya kunywa na kupikia niliyachota kwenye kisima kilichokuwa kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nikifika nyumbani nayachuja kwa kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Mpaka hapo sawa, hata kwetu tulichuja. Kilichofuata ndicho sikuwahi kukiona popote. Kitambaa kile hakikung'utwi. Kinageuzwa taratibu, kinasuuzwa kwa maji yaliyokwisha chujwa, na maji hayo ya kusuuzia, pamoja na kila kilichonaswa, yanaingia kwenye kindoo cha shaba. Kisha kindoo kinarudishwa kisimani, na lazima kiwe kisima kilekile. Wala humwagi kutoka juu, maana wataumia wakianguka. Kindoo kilikuwa na kamba mbili, moja kwenye mpini, nyingine kwenye pete ndogo iliyokuwa chini ya kitako. Unakishusha mpaka kiguse maji, unavuta kamba ya chini, kinainama, na hao waliokuwa ndani wanashuka kama abiria.

"Ndiyo sababu sinywi ya bomba," aliniambia. "Hao wa bomba sijui kwao ni wapi. Nitawarudisha wapi?"

Kila siku niliporudi nilimkuta kwenye kiti chake, magoti yamevimba, akiwa na swali lilelile.

"Umewafikisha?"

"Wamefika, bibi."

Ndipo aliponywa.

Nilibishana naye tangu mwezi wa kwanza. Hao tunaowasindikiza nyumbani, nilimwambia, ni viluwiluwi vya mbu. Nilikuwa nimetoka kuugua malaria na niliona nina haki ya kusema.

"Kwa upande wako ni malaria," alisema. "Kwa upande wa mama yake ni mtoto."

Ndivyo alivyozungumza. Kila jambo kwake lilikuwa na pande, na aliyeuona upande mmoja, alisema, asiape kwamba ameliona jambo zima. Ilinikera mno. Mimi nataka ndiyo au hapana. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakwambia kwa upande wa mawingu ndiyo, kwa upande wa mwezi huu hapana, na nguo zako unabaki umezishika mkononi.

Polepole, huku nikikata mchicha na bamia, nikaelewa alichoamini, au tuseme nilielewa upande wangu. Kila chenye uhai kina roho, na roho zote ni sawa: yangu, yake, ya ng'ombe wa wafugaji wanaoshuka kuelekea Tindiga, ya sisimizi, ya kiluwiluwi. Kinachotofautiana ni idadi ya milango ya kuingizia dunia. Mti una mmoja tu, wa kuhisi ukiguswa. Mnyoo ana miwili, sisimizi mitatu, nzi minne, sisi na ng'ombe mitano. Hata maji yenyewe, hata udongo, hata moto, humo mna roho zenye mlango mmoja. Na kiazi je? Kiazi kimoja, alisema, ni nyumba ya roho zisizohesabika, zimebanana humo, ndiyo maana hakiliwi.

Roho hizo kwa asili yake ni safi, na zinajua kila kitu. Ila zimegandwa na vumbi. Hakusema hivyo kwa mfano. Kwake lilikuwa vumbi kweli, jembamba kuliko unga unaopeperuka mashineni, na aliliita karma. Kila tendo linalitimua. Lakini vumbi halishiki pakavu, linashika penye unyevu, na unyevu wa roho ni hasira, kiburi, hila na tamaa. Alipotaja hasira alinitazama mimi, na sikupenda.

"Sasa nani analifuta?" niliuliza. Kwetu mtu akitubu, Mungu anasamehe. Nimelelewa hivyo na mpaka leo naamini hivyo.

"Hakuna wa kulifuta. Unaacha kulowesha, unavumilia joto, linakauka, linaanguka."

"Na Mungu je?"

"Waliokwisha toka kwenye vumbi hawashiki ufagio wa mtu mwingine."

Nilisonya. Kisha nikamwomba radhi, maana kumsonya mkubwa si adabu, lakini neno lile lilinikosesha raha wiki nzima. Dunia isiyo na wa kukusamehe, mtu anaishije humo? Nilikuwa napika huku nakumbuka maneno niliyomtupia mume wangu siku ya mwisho, moja baada ya jingine, na kila nililolikumbuka niliona limenigandia mahali.

Siku nyingine nilimuuliza roho ikishapukutika vumbi lote inakwenda wapi. Akaniambia inapanda, moja kwa moja, mpaka kilele cha ulimwengu, na inakaa hapo. Haizaliwi tena, haifi, haina mwili, haina kazi. Inajua vyote, inaona vyote, imetulia.

"Inakaa tu?"

"Inakaa."

"Milele?"

"Milele."

Miguu iliniwasha kusikia tu. Nilimwambia kama huo ndio ukombozi, mimi waniache huku na sisimizi. Alicheka, jambo la nadra, kisha akanipa zoezi kama mwalimu wa shule. Nichukue kibuyu kikavu, nikizibe mdomo, nikipake tope la mfinyanzi tabaka juu ya tabaka mpaka kiwe kizito, nikitumbukize ndani ya pipa la maji. Kibuyu ndiyo roho. Nikafanya, kwa nia ya kumkomoa. Kikazama kama jiwe.

"Sasa kaa ukiangalie," alisema.

Nilikaa. Tope likaanza kumeguka, maji yakawa rangi ya chai. Nilikaa tena. Nikakumbuka sijaanika nguo. Nilipotoka kuanika na kurudi, kibuyu kilikuwa juu ya maji kinaelea, kinazungukazunguka. Wakati wenyewe wa kuachiliwa sikuuona. Nilikasirika nikalipiga pipa teke, na kidole kikaniuma siku tatu.

Mwaka wa kwanza nilirudisha maji kila siku, kwa manung'uniko, lakini nilirudisha. Kisha kikaja kiangazi kibaya, kisima kikashuka, foleni ya ndoo ikawa ndefu, na watu wa foleni wana macho. Wakaona mwanamke anayetoka kwa Mhindi haji kuchota tu, anakuja pia kutia. Anashusha kitu kwa kamba mbili, kwa uangalifu, midomo ikimcheza. Nilikuwa nalaani kazi yangu chinichini, wao wakadhani nanuiza. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Mtoto wa mmoja wao akaharisha, na hilo likatosha. Mwenye mashine, mama mtu mzima kutoka familia ya siku nyingi pale, aliyeheshimiwa na mtaa mzima, akaanza kuiitikia shikamoo yangu kwa pua.

Ningemweleza bibi. Lakini ningemwambiaje kwamba huruma yake mtaani inaitwa uchawi? Na wale wanawake ningewaambia nini, kwamba nawapeleka viluwiluwi kwa mama zao? Uchawi angalau wanauelewa. Basi siku moja nikakata kona nyuma ya ukuta wa mashine na kumwaga kindoo kwenye mtaro mkavu. Ardhi ikayanywa maji mara moja. Nikarudi nyumbani.

"Umewafikisha?"

"Wamefika, bibi."

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku ya pili ilikuwa rahisi, ya tatu sikufikiri. Karibu miaka miwili nilimwaga mtaroni, na muda wote huo aliuliza, nikajibu, akanywa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Kila mwaka wakati wa kiangazi Wajaini wana siku nane za kufunga na kujichunguza, na siku ya mwisho wanaombana msamaha. Bibi alikuwa akija jikoni siku hiyo, anaunganisha viganja mbele ya kifua na kuniambia: kama nimekuumiza kwa mawazo, kwa maneno au kwa matendo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Nami hujibu nimekusamehe bibi, nawe unisamehe. Nililisema upesi ili niendelee na chapati, huku uongo umenikaa tumboni kama ugali usioiva.

Mwaka wa tatu mwanawe alikuja kutoka Dar es Salaam kusema nyumba inauzwa, mama ahamie kwake. Bibi alikubali kwa sharti moja. Atahama baada ya siku nane, na siku hizo nane atafunga zote, bila chakula chochote, akinywa maji yaliyochemshwa tu, tena mchana tu. Mfungo huo hakuwahi kuumaliza maishani mwake. Aliujaribu akiwa kijana, akaishia siku ya tano. Sasa alitaka kuumaliza Kilosa, kwa maji ya kisima alichokunywa tangu utotoni.

"Mfungo huu ni maji tu," aliniambia. "Maji yakiwa safi, umetimia. Basi nusu ya mfungo wangu iko miguuni mwako."

Nilitoka nje nikaizunguka nyumba mara nne. Nikimwambia, nitamvunjia mfungo kabla hajauanza, na kwa umri wake huenda asipate mwingine. Nisipomwambia, atashinda njaa siku nane juu ya uongo wangu. Nikachagua njia ya mwoga: nitarekebisha bila kusema. Kuanzia siku ya kwanza nitawarudisha kweli, na ya nyuma yatajifia yenyewe.

Siku ya kwanza kisimani hapakuwa na mtu, nikawashusha salama. Siku ya pili mama wa mashine alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima akinisubiri, na nyuma yake wanawake sita au saba na ndoo zao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Maji, mama."

"Maji ya nini?"

"Ya hapahapa. Nimeyachuja, sasa narudisha yaliyobaki kwenye kitambaa."

"Yaani unachuja uchafu, halafu unaturudishia sisi kisimani?"

Kwa upande wake alikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Nikaanza kupayuka, mara roho, mara milango, mara mama wa viluwiluwi. Wanawake wakatazamana. Mama wa mashine akakinyooshea kidole kindoo.

"Maneno mengi ya nini, binti? Kama si dawa, kunywa."

Sijui mwenye busara angefanya nini. Mimi nina hasira za karibu. Nilikiinua kindoo nikakinywa chote, macho nimemkazia yeye, na kabla sijameza funda la mwisho nilihisi kitu kikinicheza ulimini. Nikajifuta mdomo. Wanawake wakacheka, na mmoja akasema, basi, si mchawi huyu, ni kichaa tu. Wakanipisha. Mama wa mashine mwenyewe aliinuka ukingoni.

"Haya, tia sasa maji yako."

Kindoo kilikuwa kitupu. Nilikishusha hivyohivyo, kwa kamba mbili, mpaka kikagusa, nikavuta kamba ya chini, kikainama, na hakikutoka kitu.

Nyumbani bibi alikuwa amekaa na bilauri mbele yake.

"Umewafikisha?"

"Wamefika," nilisema, na mkono ukanienda tumboni wenyewe.

Kuanzia siku ya tatu hakuna aliyenizuia tena. Niliwarudisha kila siku, kwa kamba mbili, mbele ya watu, na wengine walinisalimia. Ningetulia. Lakini kila siku bibi alipungua mwili na uso wake ukazidi kung'aa, na mimi nikazidi kushindwa kukaa. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilihamisha kuni kutoka kona moja kwenda nyingine, nikazirudisha. Chakula hakikupita, na kila nilipokunywa maji nilimkumbuka yule aliyenicheza ulimini.

Siku ya nane mchana alikuja jikoni akishika ukuta. Akasimama mbele yangu, akaunganisha viganja.

"Kama nimekuumiza kwa mawazo..."

"Bibi, usiniombe. Subiri kwanza."

Nikamwambia yote bila kupumua. Foleni, uchawi, mtaro, karibu miaka miwili. Kisha nikafika kwenye kindoo.

"Nimewanywa, bibi. Siku ya pili. Nimewanywa wote."

Alikaa kwenye kigoda changu. Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma kule mtaa wa pili. Nilijiandaa kufukuzwa, nilijiandaa pia kusamehewa, na yote mawili niliyataka yaje haraka.

"Ulipowanywa, ulikuwa na hasira?" aliuliza.

"Nilikuwa na hasira sana."

"Na ulipowamwaga?"

"Nilikuwa naogopa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za njia aliyoipita. Kisha akasema kwao anayetenda, anayemtuma mwingine kutenda, na anayeridhia, wote watatu wamo kwenye kosa. "Nilikutuma kwa sababu magoti yananiuma," alisema. "Sikuinuka hata siku moja kwenda kutazama. Nilikaa hapa nikijiona safi, na usafi wenyewe nimeuweka miguuni mwa mtu mwingine. Nimefunga siku nane juu ya kiburi, binti."

"Kosa si lako, bibi. Ni langu."

"Kwa upande wako, ni lako."

"Basi nisamehe yaishe."

"Nimekusamehe," alisema. "Hayaishi."

Kesho yake asubuhi alitakiwa kufungua kwa maji ya choroko, na nilikuwa nimeshaziloweka. Akaniambia nisizichemshe. Ataongeza siku ya tisa. Hapo nilimpandishia sauti mtu mzima, Mungu anisamehe. Nilimwambia atakufa kabla mwanawe hajafika, na vumbi la kufa kwake litaniangukia mimi.

"Halimwangukii mtu mwingine," alisema. "Hiyo ndiyo habari njema, na ndiyo mbaya."

Asubuhi ya siku ya tisa nilichota maji na kuyachuja, na alisimama karibu yangu wakati nakigeuza kitambaa. Kisha akataka kindoo akibebe mwenyewe. Tulikwenda kwa miguu, mimi nimemshika kiwiko, yeye anapumzika kwenye kila baraza. Mwendo ninaoumaliza mimi kabla wimbo wa redioni haujaisha ulituchukua karibu asubuhi nzima, na kwa mara ya kwanza niliona nyumba za mtaa ule zina milango ya rangi gani. Watu walisimama kutazama. Yule bibi hakuwa ameonekana mtaani kwa miaka.

Mama wa mashine alitoka mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, akamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi akanipa kindoo nikishike, akaunganisha viganja. "Nimewatia hofu kwenye kisima chenu miaka yote hii," alisema, "na sikuwahi kuja kuwauliza. Nisamehe."

Mama wa mashine hakujua aiweke wapi mikono yake mwenyewe. Aliifuta kwenye kanga, akaifuta tena.

"Sina kinyongo nawe, bibi. Ila mngetuambia."

"Kweli. Tungewaambia."

Bibi alitaka kushusha kindoo, lakini kamba zikamzidi nguvu. Kabla sijasogea, mama wa mashine alikuwa ameishika ya mpini, na bibi akabaki na ya chini. Mimi nikasimama kando, mikono mitupu, sina kazi. Miguu iliniambia niondoke, nikachukue ndoo, nikafanye lolote. Safari hii sikuondoka. Niliona kamba ya mpini inavyolegea kindoo kilipogusa maji, nikaona bibi anavuta ya chini, na uso wa kisima ukatikisika kidogo ukatulia.

Siku ya kumi alifungua. Wiki ya pili yake alipanda treni ya umeme na mwanawe, na kile kitambaa alinipa mimi. Kindoo alimwachia mama wa mashine, ambaye nasikia anachotea unga.

Nikahamia Mikumi, kwa sababu ni lazima mtu ahamie mahali. Hapa nauza chipsi. Kila asubuhi namenya ndoo nzima ya viazi, nyumba baada ya nyumba, na sijaacha, maana ndiyo riziki yangu. Malori yanafika vioo vimejaa wadudu waliopasukia njiani, na madereva wananisimulia swala waliomgonga mbugani huku wanaongeza chumvi. Nawasikiliza, nawahudumia, na mara nyingine nawagombeza, wananiambia nitakufa kwa presha. Maji ya chai bado nachuja kwa kitambaa kile. Nakigeuza, nakisuuza, halafu nasimama nimeshika kopo. Ni maji ya bomba. Kwao sikujui. Namwaga chini ya mpapai, na kila siku mkono unasita.

Hapa niliacha kuandika. Nilijiuliza kwa nini nasubiri. Miaka yote yeye ndiye aliyekuja kwangu, mimi najibu tu. Sijawahi kutangulia hata mara moja. Nikapiga mimi.

Alipokea mwanawe. Alisema mama hasikii vizuri siku hizi, hatoki kitandani, watu wengine hawakumbuki, nisije nikahuzunika. Akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo bibi," nilisema. "Kama nimekuumiza kwa mawazo, kwa maneno au kwa matendo, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe."

Nilisikia pumzi tu. Nikadhani nimepotea kichwani mwake pamoja na hao wengine.

"Umewafikisha?" akauliza.

Kitambaa kilikuwa mbele yangu, kimetandazwa kwenye ndoo, bado kibichi. Jibu nilikuwa nalo ulimini, nililizoea, na safari hii lingekuwa la huruma: bibi mgonjwa angelipokea akatulia, na mwanawe angenishukuru.

"Bado, bibi."

Lori lilipita, likapunguza mwendo kwenye matuta, likaondoka.

"Hata mimi bado," alisema.

Nikavuta kigoda nikakaa, simu ikiwa sikioni, mpaka ilipokatika yenyewe.